Kompyuta Ndani ya Shuka Jeupe

Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu nakupimia kwa debe, zikikuzidi wagawie wenzako wa kazini. Usishtuke kuona barua. Hakuna aliyekufa huku. Ni kompyuta tu.

Jumapili mbili sasa unatusubiri hatutokei, najua umeshatuwazia mabaya. Sikiliza basi. Nimeiwasha kama kawaida, ikanguruma kama kawaida, nikabonyeza ile programu yetu ya kupigiana. Likatokea boksi lina maneno. Mimi shule niliishia la tatu lakini kusoma nasoma, nikaenda nalo herufi kwa herufi: Programu hii haitumiki tena kwenye kompyuta yako. Chini kuna kitufe, Sawa. Nikabonyeza Sawa. Likarudi. Nikabonyeza Sawa. Likarudi. Nikaliambia, we naye, si nimeshasema sawa, unataka nipige magoti?

Na mama yuko pembeni. Ameoga, amechana nywele, amevaa lile gauni la bluu la Jumapili, hereni ulizomtumia ziko masikioni. Ananigonga bega: vipi, mtoto yuko wapi? Nikamwonyesha kwa mikono, subiri. Akasubiri mpaka akasinzia na gauni lake.

Nikamwita fundi kompyuta, yule mrefu anayetembea kama anatafuta sarafu. Akaangalia, akasema, "Mama, mashine yako haina tatizo. Ni nzima kabisa."

"Nzima na haifanyi kazi?"

"Wenye programu wamesonga mbele. Mfumo wa kompyuta hii ni wa zamani, hawauhudumii tena."

"Basi hiyo ni kama mume wangu wa kwanza," nikamwambia. "Mzima kabisa, hana kazi, na kwao hawamtaki."

Akacheka mpaka akakaa. Anasema kuiwekea mfumo mpya ni kumbebesha bibi kizee gunia la saruji, lakini ataichukua dukani kwake ajaribu.

Utaniuliza, si upige simu? Simu yangu ya vitufe imeziba mdomo. Nakusikia, wewe hunisikii. Mimi! Kuzibwa mdomo mimi! Mungu ana utani wake. Na jirani yetu mshona mapazia ana simu ya kioo, nikamjaribu mama kwa picha yako iliyomo, lakini macho yake yameingia ukungu. Kwenye kile kioo cha kiganja anakuona kama kunguni aliyepotea ukutani, mikono yako haioni kabisa. Na wewe bila mikono, kwa mama yetu asiyesikia hata radi, wewe ni bubu.

Basi tuandikiane mpaka fundi aseme neno.

Dada yako,
Kasuku


Alhamisi, 14 Machi

Dada Kasuku,

Barua imefika. Nimeisoma nimesimama hapa dobini, mashine za hospitali zinanguruma, nikacheka peke yangu mpaka msimamizi akanitazama.

Halafu nikaacha kucheka. Mama hasikii, hasomi, na mikono yake hakuna anayeielewa ila mimi na wewe, tangu baba alipofariki. Jumapili ndiyo siku pekee ananiona. Mweleze vizuri, tafadhali. Mwambie kinachoumwa ni kompyuta, si mimi. Unajua anavyowaza, akinyamaziwa anajaza mwenyewe.

Nimekuwekea picha yangu humo ndani. Mpe, aishike.

Likizo bado wanaisogeza mbele. Anakula?

Kitinda


Jumatatu, 25 Machi

Kitinda wangu,

Nikuanzie na sinema.

Fundi alikuja kuchukua kompyuta yetu siku ya manyunyu. Unaijua ilivyo, kioo kina mgongo kama mbuzi mwenye mimba. Amekuja na wapagazi wawili. Nikasema isilowe, nikatoa lile shuka jeupe la mgeni, tukaifunika yote, tukaifunga kamba. Wakaibeba mmoja mbele mmoja nyuma, fundi katikati anashikilia. Pale kizingitini wa nyuma akateleza, kona ya kioo ikanishukia kwenye dole gumba la mguu. Mdogo wangu! Nililia kilio ambacho kwenye kifo cha mume wangu wa pili sikukilia. Majirani hao, mbio, mshona mapazia kanikumbatia huku, mwingine kanishika kule, nimekaa chini nimeshika mguu, navuja machozi, na wale wapagazi wanakwenda polepole na shuka lao kwenye mvua. Ukucha umeng'oka. Sasa hivi unachipua mwingine, mwembamba kama karatasi.

Fundi kashindwa kuifufua. Lakini dukani kwake ana kompyuta mpya, kioo chake kipana kama dirisha. Amesema tumpeleke mama pale, tukuone bure, eti kwa sababu nilimchekesha. Tumepanga Jumapili ya tarehe 7. Mama miguu haimbebi siku hizi, wapagazi watamchukua na kiti chake.

Mama hajambo. Amepunguza kula kidogo tu, ni hili joto. Anapenda kukaa sakafuni, chini kuna ubaridi. Hereni amevua, nadhani sikio linamwasha. Picha yako ameipokea, ameibusu, ameiweka kifuani na hataki niiguse.

Wewe ukimwona siku hiyo, mchangamkie. Usimuulize mambo mengi.

Kasuku


Jumapili, 7 Aprili

Dada,

Kwa nini mama ameniuliza kama kaburini kuna baridi?

Mwanzoni nilidhani nimemwelewa vibaya. Alichota hewa chini kama anachota udongo, akajifunika nao, kisha akajikumbatia akitetemeka. Mimi nikafikiri anaulizia nchi hii, theluji, mablanketi. Nikamjibu ndiyo mama, kuna baridi sana. Akalia. Akavua mtandio wake begani akawa ananipa, anausukuma kwenye kioo, anausukuma, na wewe nyuma yake umegeuza uso ukutani.

Wewe, dada, ambaye huwa hunipi nafasi ya kusema hata salamu. Hukuinua mkono hata mmoja. Ndipo nikajua kuna jambo.

Kisha akachoka, mkamwondoa. Ningempigia fundi akupe simu uniambie, lakini duka lile limejaa watu, na hili si neno la kusemwa mbele ya watu.

Udongo. Kufunikwa. Baridi. Niandikie leo hii.

Kitinda


Jumanne, 16 Aprili

Mdogo wangu,

Haya. Umenibana, natapika.

Mama yuko msibani. Na msiba wenyewe ni wako.

Siku ile ya manyunyu nilikusimulia dole langu, nikakufanya ucheke. Sikukusimulia kwamba mama alikuwa amekaa kitandani kwake, mlango wazi, anaona yote. Hebu vaa macho yake. Jumapili mbili mtoto hajatokea. Halafu wanakuja wanaume wasio na maneno, wanachukua kile kitu ambacho mtoto wake hukaa ndani yake, wanakifunika shuka jeupe, wanakifunga, wanakibeba kwa taratibu kwenda nje. Na mimi niko chini nalia, majirani wamenishika. Wewe ungeelewa nini? Mimi mwenyewe, mbea wa mtaa mzima, ningeona vile kwa jirani ningekuwa wa kwanza kupeleka habari.

Nilipoingia ndani nilimkuta ameshuka sakafuni. Hereni zako ameziweka pembeni. Akanifungulia mikono nikalie kwake.

Usidhani sikumwambia. Nimemwambia mpaka viganja vinauma. Lakini mikono yetu ina neno la mvua, ina neno la chumvi, ina neno la mkwe mbaya, haina neno la programu. Nikamwambia: kile kitu kimezeeka, wenyewe hawakitaki. Akatikisa kichwa, kwamba kitu kizee kikiwa kizima nani atakikataa? Nikamwambia: Kitinda anapumua. Akanipapasa shavu. Ananihurumia! Anaona mimi ndiye nimeshindwa kukubali. Nikicheka, anazidi kunihurumia, anaona akili inaniacha.

Picha yako nikasema ndiyo dawa. Kumbe nimeongeza kidonda. Picha ya mtu hushikwa lini, watu wakilia? Akaiweka kifuani, ikawa basi.

Nikawa na tumaini moja, kile kioo kipana. Nikasema akikuona unachezesha mikono, msiba utakwisha pale pale, nami sitakuwa na haja ya kukuambia kitu. Ndiyo maana nilinyamaza. Nilipoona anakuuliza habari za udongo, mikono yangu ilikufa. Yeye hakuona mtu hai. Ameona marehemu aliyekuja kumtembelea, na marehemu kamwambia huko aliko kuna baridi.

Tangu siku ile hafumbi macho. Anataka tukakufunike.

Nigombeze, nimekubali.

Kasuku


Jumatano, 24 Aprili

Dada,

Nimezikwa mwezi mzima na hakuna aliyenipa taarifa.

Nilitaka kukugombeza. Nimeandika barua ya kwanza nikaichana, ilikuwa na maneno ambayo hata wewe usingeyapeleka kwa jirani. Halafu nikakumbuka na mimi nina langu.

Likizo haijasogezwa popote. Likizo hakuna. Karatasi zangu za kukaa hapa ziliisha mwaka juzi. Nikitoka, mlango unafungwa nyuma yangu, sirudi tena, na dawa za mama mnazijua zinatoka wapi. Kwa hiyo sote wawili tumefichana, tumetoka sare.

Lakini sikubali mama anilie mimi niko hai. Nimempigia fundi, Jumapili ya tarehe 5 mpelekeni tena. Nitamwonyesha. Nitakula mbele yake, nitapumua mbele yake, nitaruka kama mbuzi ikibidi.

Kitinda


Jumatatu, 6 Mei

Dada,

Uliyaona lakini uliyaona kwa nyuma yake. Nikwambie nilivyoyaona mimi kwa mbele.

Nilipotafuna ule mkate alinitazama kwa huruma. Akasema: baba yenu naye hula, kwenye ndoto. Nikapulizia kioo cha dirisha, kikaingia mvuke, nikamwonyesha, ona, pumzi. Akafunga macho. Kisha akasema lile ambalo uliona nikainama. Alisema: mwanangu, wewe hujui kama umekufa, ndiyo maana unahangaika hivyo. Na akaanza kulia, si kilio cha kunikosa, dada, kilio cha kuniona sina pa kupumzika.

Nikaona mimi ndiye ninayemtesa. Kila ninaporuka kuonyesha niko hai, ninazidi kuwa mzuka.

Ndipo nikaacha. Nikaweka mikono kifuani, nikamwambia: ndiyo, mama. Nimekufa. Sikuumia. Baridi imekwisha, nimefunikwa. Akaniuliza: baba je? Nikamwambia: baba yuko hapa, amelala.

Akacheka! Akasema, huyo, hata huko. Sijamwona akicheka vile tangu niondoke nyumbani.

Tukazungumza mpaka fundi akaja kufunga duka. Mimi nikaenda kazini nikapiga pasi mashuka ya watu.

Nilifanya vibaya?

Kitinda


Jumatatu, 20 Mei

Kitinda wangu,

Swali lako nimelizungusha kichwani siku zote hizi na kichwa chenyewe unakijua ni kidogo. Sijui kama ni vibaya. Najua alichofanya mama tuliporudi. Aliomba chakula. Akala, akaomba tena. Akainuka sakafuni akarudi kitandani, akataka nimchane nywele, na alipochanwa akanyoosha mkono: hereni.

Sasa kila Jumapili tunabebana. Wapagazi wameshamzoea, mmoja anamwita mchumba. Fundi anadhani tunakwenda kupiga simu. Mama anajua tunakwenda kuzuru kaburi lenye taa. Mimi katikati nimeshika mkoba, sijui nicheke na yupi. Mshona mapazia kaniuliza, "Shoga, mbona mama yako anarudi pale anang'aa?" Nikamwambia anapenda feni ya fundi. Ona ulipotufikisha, mimi kuwa na habari tamu kiasi hicho na kuila peke yangu! Nimekonda.

Wivu nao ninao, nisikufiche. Wewe uliyekufa anakusimulia vitu ambavyo mimi niliye hai hajaniambia. Lile la mchumba wake kabla ya baba, mimi ndiyo kwanza nalisikia. Miaka yote hii namuogesha mtu na sikulijua.

Sikufichi tena kitu, kwa hiyo na hili pokea. Kifua chake kinakoroma. Daktari kaja, kaweka kile chombo mgongoni, kasikiliza sana, halafu akaniomba tuzungumze nje. Nje alisema maneno mengi yasiyo na uzito, kama wanavyosema wakiwa hawana dawa. Mama aliponiona narudi akaniuliza kwa mikono: siku bado nyingi? Nikamwambia nyingi. Akatabasamu, akasema, si kitu, huko nina watu.

Kasuku


Alhamisi, 30 Mei

Dada,

Nakuja.

Usinijibu habari za karatasi wala dawa, nimeshazipiga hesabu zote na zote zimenishinda. Nimeshakata tiketi, tarehe 15 Juni niko njiani. Mlango ukifungwa, ufungwe.

Nimewaza hivi. Kioo hakina joto, ndiyo maana sikuweza kumshinda. Kupitia kioo hata ningekula mkate wa dunia nzima. Lakini akinishika mkono, dada! Mama ameosha maiti za watu wangapi mtaani kwetu? Anajua maiti anavyokuwa baridi. Akinishika mara moja tu atajua, na ndipo nitamwambia nilimdanganya, anipige akitaka. Nataka anipige.

Usimwambie kitu. Mlinde tu mpaka nifike. Mlishe, mfunike, msimpeleke tena dukani kwenye upepo.

Siwezi kumwacha aondoke akiwa na msiba wangu.

Kitinda


Jumanne, 11 Juni

Mdogo wangu,

Fundi ameshakupigia, kwa hiyo neno lenyewe unalo. Kanieleza ulipiga ukelele mmoja halafu ukamshukuru. Mimi nakuandikia yaliyobaki, ingawa huenda ukapishana na barua hii njiani.

Nilifanya ulivyosema. Sikumpeleka dukani. Jumapili akavaa gauni lake la bluu akasubiri, nikamwambia leo kuna upepo. Hakugombana. Akasema: haidhuru, sasa nitamwona bila kubebwa.

Hapo ndipo nilipovunja ahadi. Kitinda, sikuweza. Nikamshika mikono nikamwambia yote: yuko hai, anakuja, siku kidogo tu zimebaki, ngoja, ngoja, ngoja. Ile alama ya kungoja niliipiga kifuani kwake mpaka akanishika vifundo. Akanitazama vile vile kama siku ya manyunyu. Akaninyooshea nywele. Akaniambia: usilie. Mimi nakwenda kwa mdogo wako, tutakuwa watatu. Wewe ndiye ninayekuonea huruma, unabaki huku peke yako, na wewe bila mtu wa kuongea naye utapasuka.

Mpaka pale ananitania.

Jumatatu asubuhi nilimletea chai akiwa ameshakwenda. Uso haukuwa na shida yoyote. Ulikuwa wa mtu aliyefunga safari na anajua anapopokelewa. Na hicho ndicho kilichonimaliza. Angekwenda kwa hofu ningelia nikanyamaza. Amekwenda na furaha, mdogo wangu, amekwenda kukutafuta mahali usipokuwepo.

Majirani wamekuja, nyumba imejaa, mshona mapazia kapika kwa wote. Wananiambia, angalau alikwenda ameridhika. Naitikia. Niwaambie nini? Jana nimejikuta jikoni nasema na sufuria kwa mikono. Watu wawili tumebaki duniani tunaoijua ile mikono, na mmoja yuko ng'ambo anapiga pasi.

Tiketi usiirudishe. Najua uliikata kwa ajili ya mama. Njoo kwa ajili yangu basi, mimi si wa kutupwa. Nishike, nikushike, tuone nani ana joto.

Na lile linalokuuma, najua linakuuma, la kwamba amekwenda na uongo wako mkononi. Nimeliwaza sana. Wewe ulimwambia baba amelala. Sasa amefika, kamkuta yuko macho. Baba ndiye aliyeitunga ile mikono, hashindwi neno, hata la programu atakuwa ameshalitunga. Atamkalisha chini amweleze: Kitinda hajafika. Kitinda hayuko huku.

Mama atakasirika, unamjua. Atakuwa amekaa pale, amekunja mikono, haongei na mtu, anakusubiri uje akuchape.

Mwache asubiri. Mwache asubiri sana.

Dada yako,
Kasuku